Miraba Ishirini na Tisa

Kwenye mkono wangu wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, kuna herufi mbili: E na T. Nilizitengeneza mimi mwenyewe, mraba kwa mraba, kwa chuma cha robo inchi. Aliyezichoma si mimi. Aliitwa Elema Tadicha, mchuuzi wa ng'ombe wa hapa Isiolo, na alizichoma mchana kweupe ndani ya karakana yangu, watu wawili wakiwa wamenishika. Wajukuu wangu hupenda kuzigusa. Wakiniuliza, huwaambia nilianguka motoni.

Mimi ni fundi wa chuma kama baba yangu. Waborana humwita mhunzi tumtu, na hilo si jina la heshima. Watu wanautaka mkuki wako, lakini hawali na wewe sahani moja wala hawakuozi binti yao. Mke wangu Kabale naye ni binti wa mhunzi. Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka thelathini na miwili, nilijiandikisha darasa la ngumbaru. Nilisoma jioni miaka minne, mikono ikinuka makaa, na cheti changu mpaka leo kimetundikwa ukutani, kimefunikwa kioo. Sijui tumtu mwingine wa umri wangu aliyekuwa nacho.

Nilipojua kusoma, niliona ubaya ambao zamani sikuuona. Chapa za ng'ombe za Isiolo zilikuwa ovyo. Herufi yenye tumbo, kama B, ukiichoma, ngozi ya katikati hufa pamoja na ile ya pembeni, na kidonda kikipona unabaki na doa. Watu waliuana kwa ajili ya madoa hayo. Mwaka wa 1979 niliona sokoni wanaume wawili wakibishana kama doa kwenye paja la fahali ni B au ni D. Mmoja aliondoka pale ameyashika matumbo yake kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto mchanga, na alitembea hatua kumi na moja kabla ya kuanguka. Nilizihesabu.

Dawa ya madoa niliipata kwa Abdillahi Dualeh. Babu yake aliletwa huku na jeshi la Waingereza akaachwa hapa. Mjukuu alikuwa na malori matatu na hoteli karibu na soko. Mwaka wa 1982 alinunua vitu vya klabu moja ya wageni iliyofungwa huko Nanyuki: viti, friji, na kabati refu lenye kioo kama cha televisheni. Lilikuwa mashine ya mchezo. Chini ya kioo kuna chombo kidogo kinachopiga risasi, na kutoka juu vinashuka vitu vya kukuua. Ukiuawa mara tatu umekwisha. Ukiwa umeua wengi, mashine inakuuliza jina lako, herufi tatu tu. Unasukuma fimbo, A inageuka B, B inageuka C, hadi uipate yako.

Watu walitazama risasi. Mimi nilitazama herufi. Kila moja ilikuwa miraba midogo ya mwanga, mitano kwa upana, saba kwa urefu. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Hata O ilikuwa ya miraba, ila ukirudi nyuma hatua tatu jicho lako linaikunja lenyewe.

"Mwalimu," Abdillahi aliniambia, maana aliniita hivyo kwa utani tangu nipate cheti, "wenzako wanakuja kuua, wewe unakuja kusoma?"

"Wewe endelea kufa," nikamwambia. "Kila ukifa napata herufi tatu."

Nilinunua daftari la hesabu lenye viboksi nikazichora zote ishirini na sita. Kisha nikakata bamba la chasisi ya lori, nikalitoboa kwa vipimo, na katika kila tundu nikagongelea kipande cha chuma cha mraba, robo inchi, na robo inchi nyingine ya nafasi kati yake na jirani yake. Siri ilikuwa hiyo nafasi. Ngozi iliyo kati ya miraba haifi. Kidonda kikipona, unaona vishimo safi vilivyojipanga kama askari, na hata mtu aliye upande wa pili wa boma anasoma.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Fosia Ismail, mjane wa Kisomali wa mtaa wa Kiwanjani. Mwisho wa mwaka wa 1983 nilimtengenezea F na I, tukachoma ng'ombe wake wote, wakubwa na ndama. Mchungaji wake, Yattani, ndiye aliyewaangusha na kuwashika. Yattani alikuwa Mborana wa ukoo mzuri, na ndiye peke yake, kati ya wasio wahunzi, aliyekula nyumbani kwangu. Siku ya kwanza Kabale alimtengea sahani yake. Yattani akaisukuma kando, akatia mkono katika yangu.

"Chuma chako nakishika," alisema. "Ugali wako una nini?"

Kisha ukaja ukame wa 1984. Sitauandika, aliyeuona anaujua. Fosia alikuwa na ng'ombe mia moja na sita. Yattani aliwahamisha kila mahali palipokuwa na unyasi, akarudi amebaki macho na mifupa, na nyuma yake ng'ombe arobaini na watatu. Thelathini na wanne walikuwa wakubwa, tisa walikuwa wale ndama tuliowachoma, sasa mitamba. Hao ndio waliokuwa maisha ya Fosia. Hakuwa na kingine.

Juni mwaka uliofuata Elema Tadicha alikuja karakana. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo, na hakuachana na bakora yake ya mti mweusi.

"Nasikia una herufi za sinema," alisema. "Nataka zangu. E na T. Ukubwa uleule wa kile chuma cha mjane."

Nilifurahi, maana mtu kama yule hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia herufi zangu zote zina ukubwa mmoja na nafasi moja, na kwamba ukichukua chuma changu chochote ukakiweka juu ya kingine, miraba itaingiana kama meno.

"Kama meno," akasema Elema, akakaa akilitazama daftari.

Ni mimi niliyemwambia. Hakuniuliza.

Jumatatu moja ya Agosti, Yattani alikutwa amekufa upande wa Gotu. Walimpiga rungu kichwani mpaka uso ukapotea, kisha wakamchinja, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Fosia alimtambua kwa kovu la mguuni. Ng'ombe wote thelathini na wanne hawakuwepo. Lakini mitamba tisa walikuwepo, wamelala kando ya Yattani, makoo yamekatwa, hawakuchunwa, hawakuliwa. Tai walikuwa wameshiba hawawezi kuruka.

Watu walishangaa. Mwizi akishindwa kumswaga mnyama humwacha. Akiwa na njaa humla. Ni mwizi gani anayeua mitamba wazima tisa kisha aende zake?

Alhamisi asubuhi Elema aliingia sokoni na ng'ombe thelathini na wanne. Kwenye paja la kila mmoja kulikuwa na E na T, mbichi, magamba bado meusi. Alisema aliwanunua Merti akawachoma juzi. Malori matatu ya Abdillahi yalikuwa yamekodiwa kuwapeleka Nairobi, kichinjioni, yapakiwe saa kumi.

Fosia alifika bila viatu. Aliingia katikati ya ng'ombe akawashika mmoja mmoja usoni.

"Hawa ni wangu," alimwambia koplo Bedan, askari aliyesimamia soko siku hiyo. "Huyu wa pembe iliyovunjika nilimvunja mimi kwa ndoo. Wote ni wangu."

"Pembe haina jina," Elema alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Chapa ina jina. Na aliyezitengeneza yuko pale, ana cheti. Muulizeni."

Watu wakafungua njia. Mimi, tumtu, niliitwa mbele ya soko zima kusoma. Nakiri kwamba nilivuta koti langu likae sawa kabla ya kutoka mbele. Nikapita nikiwatazama ng'ombe mapajani. Kila mraba ulikuwa mahali pake.

"Zinasema nini?" Bedan akauliza.

"E na T."

"Kuna mahali pameguswa? Pana doa, pana mchubuko?"

"Hakuna."

"Chapa yako inaweza kugeuzwa ikawa nyingine?"

Nilitazama watu walivyonyamaza kunisikiliza. "Herufi zangu hazigeuzwi," nikasema.

Fosia hakupiga kelele. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Fundi," alisema, "Yattani alikula kwako."

Kisha akamrukia Elema. Alimshika shingoni kwa kucha, na Elema akampiga bakora ya mdomo. Nilisikia meno yakivunjika, mlio kama wa kokoto chini ya kiatu. Alipoanguka alimpiga tena, mgongoni, mara mbili, taratibu, kama anayepiga godoro. Bedan alimshika mkono kwa bakora ya nne.

"Mama, lete ushahidi kabla ya saa kumi," Bedan alisema. "Bila hivyo wanapakiwa. Siwezi kuzuia mali ya mtu kwa machozi."

Saa saba nilikuwa hotelini kwa Abdillahi, sahani ya wali mbele yangu, siiwezi. Abdillahi alikuwa kwenye mashine, akingojea saa ya kupakia.

"Usiniangalie hivyo, mwalimu. Mimi nabeba mzigo, simhukumu mzigo," alisema bila kugeuka. Kisha akauawa mara ya tatu, na mashine ikamuuliza jina.

Akaweka A. Akaweka B. Akisukuma fimbo kutafuta D alizidisha, ikapita E, ikasimama kwenye F. Akairudisha nyuma polepole. Mstari wa miraba minne chini ya F ukawaka, na F ikawa E.

"Rudia," nikamwambia.

"Nini?"

"Nenda F. Haya, rudi."

Akarudia. Mguu ulizimika, mguu ukawaka. Miraba minne. Niliiona ikifanya hivyo mara elfu tangu 1982, na mimi ndiye niliyejidai kuzisoma. F ni E iliyokatwa mguu. Na katika daftari langu I ilikuwa nguzo moja tu ya miraba saba. Uivishe kofia ya miraba minne, ni T. F na I, E na T. Hakuna wa kufuta kitu. Ni kuongeza miraba minane tu, na chuma cha kuiongeza nilikitengeneza mimi kwa vipimo vilevile, nikamwambia mwenyewe kinaingia kama meno.

Hapo nikaelewa na habari ya wale mitamba. Tuliwachoma wakiwa ndama. Mnyama akikua, ngozi hutanuka, na chapa hutanuka nayo. Kwa ng'ombe mkubwa chuma cha Elema kilizama katika vishimo vya zamani sawasawa, lakini kwa mitamba miraba ilikuwa imeachana, chuma kikakataa. Angewachukua, watu wangeona chapa mbili moja juu ya nyingine. Angewaacha hai, wangerudi nyumbani kwa Fosia na herufi zilizojaribiwa. Kwa hiyo walikatwa makoo. Bila shaka tai walianza na mapaja, ndiyo maana hakuna aliyeziona herufi hizo.

Nilimwambia Abdillahi asipakie hata mmoja. Aliniambia lori likikodiwa limekodiwa. Nikamwacha, nikakimbia karakana kuchukua daftari.

Nililifungua juu ya fuawe. Moto wa asubuhi ulikuwa bado hai. Nilikuwa nimechora E juu ya F na T juu ya I kwa penseli, nikawa naitia wino ile miraba minane, ndipo kivuli kikaingia mlangoni. Elema alikuwa na watu wawili, mmoja wao Arero, mswagaji wake, mtu mwenye mabega kama mlango. Mkononi Elema alishika kile chuma.

"Kiyeyushe," alisema. "Sasa hivi, nikiona. Nimeacha biashara ya ng'ombe."

"Kiache. Nitakiyeyusha kesho."

Alikuwa amekwisha kuliona daftari. Hakujua kusoma vizuri, lakini miraba minane ya wino mweusi katikati ya penseli haihitaji shule. Alilichukua akalitazama, akaliweka juu ya makaa. Liliwaka ukurasa kwa ukurasa, A mpaka Z.

"Tangu lini tumtu akahesabu ng'ombe za watu?" aliuliza. "Mshikeni."

Arero alinipiga ngumi ya kwanza kifuani na pumzi zote zikatoka. Ya pili ilinivunja pua. Waliniinamisha juu ya fuawe, uso ubavuni mwa chuma, damu yangu ikitiririka kwenye kitu nilichokipiga nyundo miaka ishirini. Elema alivuta mivukuto mwenyewe. Nilisikia pumzi ya moto ikipanda, na nilijua kwa masikio kiasi cha joto, kama mpishi anavyojua mafuta. Chuma cha chapa kinatakiwa kiwe rangi ya majivu. Alikitoa kikiwa chekundu.

"Wewe unapenda kusoma," alisema. "Soma."

Sitadanganya kwamba nilinyamaza. Nililia kama mbuzi. Maumivu hayakuja mahali pamoja; yalikuja miraba yote kwa wakati mmoja, na moshi wa nyama yangu ukaniingia mdomoni. Alihesabu mpaka tano, polepole, kama wanavyohesabu kwa fahali.

"Ukiongea, tunarudi kwa mke wako," alisema. "Yeye tutamwandika usoni."

Hakujua kwamba Kabale alikuwa amesimama mlangoni. Binti wa mhunzi hana kelele. Alichukua nyundo ya ratili nne iliyokuwa ukutani akampiga Arero kwenye taya, kutoka chini kwenda juu, na taya likahama upande mmoja. Yule mwingine aligeuka, akapigwa nayo gotini. Elema alimrushia Kabale kile chuma chekundu. Kilimkosa kikaangukia maji ya kuzimia, na karakana ikajaa mvuke. Mvuke ulipotulia, Elema hakuwepo.

"Baba Guyo, unaweza kutembea?" Kabale aliuliza.

"Lete hicho chuma," nikasema.

Tulipofika sokoni lori la kwanza lilikuwa limeshapakiwa. Fosia alikuwa amelala kifudifudi mbele ya gurudumu la lori la pili, na watu wa Elema walikuwa wanamvuta kwa miguu, nguo yake imejaa samadi na damu ya mdomo wake. Nilipanda juu ya njia ya kupakilia ili nionekane. Damu ya pua ilikuwa imenikauka kidevuni. Mkono wangu ulikuwa unanuka.

"Koplo," nilisema, "asubuhi niliulizwa kama herufi zangu zinageuzwa. Nilijibu hazigeuzwi. Nilikosea. Zinageuzwa, na ni rahisi, na mimi ndiye niliyemfundisha mgeuzaji."

Sijawahi kusema maneno mazito kuliko hayo, na chuma cha moto kilikuwa chepesi kando yake. Niliwaona wazee walionidharau maisha yangu yote wakitazamana.

"Amelewa," Elema alisema. "Tumtu amelewa ameangukia moto wake."

"Onyesha," Bedan akaniambia. "Maneno nimeshiba."

"Achinjwe mmoja. Nichune paja, niwaonyeshe ngozi kwa ndani. Nje amechoma upya kila kitu. Ndani hawezi kufika."

"Ng'ombe wangu achinjwe kwa neno la huyu?"

"Nikikosea mara ya pili," nikasema, "mnichome na mkono wa kulia, hapahapa, na aushike yeye mwenyewe."

Bedan alinitazama mkono, akamtazama Elema. "Nani anachagua?" akauliza.

Fosia aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kwa yule wa pembe iliyovunjika, akamshika sikio, akamtoa nje. Alikuwa ndiye ng'ombe aliyemwongoza Yattani kwenye maji mwaka wa ukame. Fosia alisoma Bismillahi, na kwa sababu kila mwanamume pale alisita, alichukua kisu kiunoni mwa mzee mmoja akamchinja mwenyewe, kwa mkato mmoja, damu ikamruka hadi kifuani.

Nilimchuna paja nikitumia mkono mmoja, Kabale akivuta ngozi. Nikaitandaza juu ya pipa, upande wa nyama juu, nikaipangusa kwa koti langu lile.

Chapa ya zamani huacha kovu gumu ndani ya ngozi, jeupe, kama punje ya mahindi. Chapa ya siku tatu haina punje, ina wekundu tu. Nilimwambia Bedan aweke kidole. Akaweka.

"Hii ngumu," alisema. "Hii ngumu. Hii... hii laini."

"Hesabu ngumu."

Alihesabu kwa sauti, na watu wakaanza kuhesabu pamoja naye, Wasomali kwa Kisomali, Waborana kwa Kiborana, Wameru kwa Kimeru, mpaka ikawa kelele moja. Punje nyeupe zilikuwa ishirini na moja. Kumi na nne zilisimama kama F inayotazamwa kwenye kioo, saba zilisimama kama I. Kisha wakahesabu nyekundu zisizo na punje: nne chini, nne juu. *Saddet*, wazee walisema. Nane.

Kisha nikaweka mkono wangu uliochomwa kando ya ngozi. Miraba ishirini na tisa, yote mibichi, na herufi zilezile. Na Kabale akaweka chuma katikati.

Elema alikuwa na sime chini ya shuka. Mzee aliyekuwa karibu naye ndiye aliyepigwa kwanza, begani, akakaa chini kama mtu aliyechoka. Elema alikuwa ananijia mimi. Bedan alipiga risasi hewani, na hilo lilikuwa kosa, maana ng'ombe walitaharuki wakavunja uzio, na katika vumbi lile hakuna aliyekuwa askari tena. Nilisikia bakora zikishuka. Bakora moja ina mlio. Bakora hamsini zina mlio mwingine, kama mvua juu ya mabati. Sime yake ilianguka kwenye miguu yangu.

Sitaandika kwamba nilisimama kando. Nilikuwa na kile chuma mkononi, kizito, na nilimpiga nacho. Nilimpiga mara moja kichwani, na nilipokiinua mara ya pili, Kabale alinishika. Baba Guyo, imetosha, alisema. Haikuwa imetosha kwa wengine. Vumbi lilipokaa, Bedan na wenzake walimbeba Elema wakamweka kwenye lori lilelile alilolikodi, na Abdillahi akaliendesha mwenyewe kwenda hospitali. Elema alikufa njiani. Abdillahi alirudi kabla ya magharibi akaosha mbao za lori kwa ndoo.

Arero alisema yote kituoni, kwa shida, taya likiwa limefungwa kwa kitambaa. Jinsi Yattani alivyowapigia magoti kwa ajili ya mitamba, si kwa ajili yake. Jinsi walivyoweka chuma kikiwa baridi kwanza, kikatafuta vishimo vyake, ndipo wakakitia motoni. Alifungwa. Polisi waliniuliza ni nani aliyempiga Elema. Nikasema mimi. Wakauliza na nani mwingine, na soko lote lilikuwa limesahau. Pigo moja kati ya bakora hamsini hawakuweza kulishtaki, wakanirudisha nyumbani.

Fosia aliswaga nyumbani ng'ombe thelathini na watatu.

Daftari lilikuwa limeungua, na nilishukuru. Nilinunua jingine nikarudi mbele ya mashine ya Abdillahi, mkono umefungwa jani la mshubiri. Nilikaa pale wiki saba. Nilitafuta sheria moja, nikaipata: kila herufi iwe na miraba kumi na tano, isizidi, isipungue. Mwizi anaweza kuongeza, hawezi kupunguza. Akiongeza hata mmoja, asiyejua kusoma atahesabu kumi na sita na kujua. I niliipa kofia na kiatu. E niliifupisha mikono. T niliining'iniza masikio pande mbili. W ilinitoa jasho siku tisa. Hazikuwa nzuri kama za kwenye kioo, na Abdillahi aliniambia hivyo.

"Hizi zimevimba," alisema. "Zile zilikuwa safi, mwalimu."

"Zile zilikuwa safi," nikakubali.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa Fosia. Alikuwa na pengo la meno matatu na alizungumza akiziba mdomo kwa mtandio. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea F na I mpya. Alizitazama, akazisukuma kando.

"Jina langu limeshachomwa vya kutosha," alisema. "Nitengenezee ya Yattani."

Nilimtengenezea Y palepale, yeye amekaa juu ya gunia la makaa akitazama. Ilikuwa bado ina joto la nyundo nilipompa. Fosia hakuwahi kwenda ngumbaru. Aliweka kidole kwenye mraba wa kwanza akahesabu hadi wa mwisho, kisha akarudia kutoka chini kwenda juu. Kumi na tano. Akaulizia tena mguu wa herufi, kama mtu anaweza kuuongezea kitu.

"Anaweza," nikamwambia. "Lakini itakuwa kumi na sita."

Alihesabu mara ya tatu. Kisha akanirudishia chuma, akaniambia nichochee moto, ng'ombe wako nje.